Gari linagonga mbele kushoto, na spea mpya zimeshafungwa

SWALI

Ndugu mshauri wa magari,

Habari za kazi. Nina Toyota Corolla ya mwaka 2003, NZE121, gia otomatiki, kilomita 198,000 kwenye dashibodi. Huu ni mwezi wa nne linagonga mbele upande wa kushoto. Kwenye lami nzuri ni kimya kabisa. Nikikata kuingia barabara ya vumbi ya mtaani kwetu, mwendo wa 15 mpaka 25, linaanza: ko-ko, ko-ko-ko, kama kuna spana imesahauliwa chini ya boneti. Ajabu ni kwamba tuta nikilipanda moja kwa moja, tairi zote mbili za mbele kwa wakati mmoja, sisikii kitu. Nikilikata kwa mshazari, linagonga.

Kuna mlio mwingine. Kwenye foleni, gari likiwa linatambaa, nikikanyaga breki kwa nguvu kidogo nasikia "ngo!" moja, nzito, chini ya miguu ya abiria wa mbele. Nikirudi rivasi na kushika breki, "ngo!" nyingine.

Fundi wa kwanza alibadilisha shokapu zote mbili za mbele, za mtumba wa Japani, na kwa kuwa gari lilikuwa linakwangua chini akaniwekea na spesa (kipande cha kuinulia gari juu ya shokapu). Mlio ukabaki palepale. Wa pili akafunga stabilaiza linki mbili na tairodi mbili, mpya za boksi. Ukapungua wiki mbili, ukarudi. Wa tatu aliinua tairi la kushoto kwa jeki, akalitikisa, akapitisha mtaimbo huku na huku, akasema kila kitu kimekaza, kwa hiyo tatizo litakuwa reki ya usukani, nitafute nyingine ya mtumba.

Niongeze: kwenye mashimo nikigusa breki kidogo huku naenda, ko-ko haipotei. Usukani hauvuti upande, wala sisikii kugonga mikononi. Nikikata kona kali huku nakanyaga mafuta hakuna tak-tak-tak. Je, ninunue reki?

Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU

Ndugu yangu wa Tabata,

Hela ya reki iache mfukoni kwanza. Barua yako ina ushahidi mwingi kuliko ule alioupata fundi wa tatu kwa jeki yake, na ushahidi huo unaonyesha magonjwa mawili yanayokaa jirani. Mafundi wako walitafuta moja, kila mmoja la kwake.

Tuanze na ko-ko. Umesema tuta ukilipanda tairi mbili kwa pamoja hakuna kitu, ukilikata kwa mshazari linagonga. Maneno hayo peke yake yanafuta nusu ya washukiwa. Stabilaiza ni fimbo moja ya chuma inayovuka gari kutoka kushoto kwenda kulia. Katikati imeshikwa kwenye krosmemba (chuma kipana kinachovuka chini ya injini) kwa bushi mbili zenye umbo la D, na kila ncha yake imeungwa na shokapu kwa linki fupi. Tairi zote mbili zikipanda pamoja, fimbo inazunguka tu ndani ya bushi zake, haina mzigo wa maana. Tairi moja ikipanda peke yake, fimbo inajisokota, linki ya upande huo inavutwa na kusukumwa kwa nguvu, na popote penye nafasi hata ya milimita moja pale pale panagonga. Kama shokapu au mauntini yake (kitako cha raba kinachoishika kwa juu) ndiyo ingekuwa na shida, tuta la tairi mbili lingeipiga vilevile, tena zaidi.

Kwa nini basi fundi wa tatu hakuona? Kwa sababu aliinua tairi moja. Ukiinua upande mmoja, tairi hilo linaning'inia, la pili liko chini limebeba gari, fimbo ya stabilaiza inasokoteka kati yao na kuivuta linki mpaka mwisho. Linki iliyovutwa hivyo hata ikiwa imekwisha haichezi. Ukiitikisa kwa mkono ni kama imechomelewa. Ndiyo maana spea hizi hukaguliwa tairi zote mbili za mbele zikiwa chini, gari likiwa juu ya shimo la gereji au rampu, au zote mbili zikiwa juu kwa kimo kimoja. Kiungo kipimwe katika hali ileile kinayogongea barabarani.

Kipimo cha uhakika kwa ko-ko yako hakina gharama. Fungua linki zote mbili kabisa, kushoto na kulia, kisha endesha gari kwenye barabara ileile. Kwenye Corolla hii nati ya linki mara nyingi ni namba 17, na katikati ya ncha ya linki kuna tundu la pembe sita la kuingiza alen ki. Hiyo alen ki ndiyo inayoshika ncha isizunguke wakati nati inafunguliwa. Ukishatoa linki, ifunge fimbo juu kwa waya imara, kila upande, isije ikaning'inia ikachana buti ya sivijointi (kiungo cha ekseli ya mbele) au kukwaruza hozi ya breki. Kisha nenda mwendo wa 20, usizidishe, na usikate kona kwa kasi: gari bila stabilaiza litalala zaidi kwenye kona. Mita 300 za barabara yenu ya vumbi zinatosha.

Ko-ko ikipotea, umeshaifunga kwenye vitu vitatu: linki, nati za linki, na bushi za D. Ikibaki vilevile, stabilaiza haihusiki, nitakueleza pa kuhamia.

Mimi nategemea itapotea. Na kwa kuwa linki ni mpya, anza na nati. Linki zilibadilishwa, mlio ukapungua, ukarudi baada ya wiki mbili. Hiyo ni tabia ya nati iliyofungwa bila alen ki. Ukifunga nati peke yake, inafika mahali ncha ya linki inaanza kuzunguka nayo ndani ya kikombe chake, spana inakuwa nzito, fundi anaamini imekaza. Bado. Kipimo cha kiwanda hapo ni Nm 74 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), yaani kama kilo 30 zining'inie kwenye mpini wa sentimita 25. Angalia kwa jicho sehemu ambapo ncha inakaa kwenye bamba la shokapu. Kama nati ililegea utaona duara la chuma kinachong'aa, rangi imekwanguliwa, na pembeni yake unga mwekundu wa kutu, laini kama pilipili ya kusaga. Unga huo ni vyuma viwili vinavyosagana. Kaza kwa kipimo, kisha chora mstari mmoja wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba. Baada ya wiki, mstari ukiwa umekatika, nati imezunguka.

Nati zikiwa salama, shika linki yenyewe, tairi zote mbili zikiwa chini. Ishike kwa kiganja karibu na kikombe, itikise kwa nguvu kwenda mbele na nyuma. Kuzunguka kwa ulaini ni kawaida, hiyo ni kazi ya kikombe. Kuruka juu na chini au kutoa tik-tik ni kwamba imekwisha, hata kama boksi yake bado unayo. Linki ya bei ya chini kabisa kwenye barabara zetu za mashimo inaweza kufa ndani ya miezi. Na jina linalouzika ndilo linaloigwa: boksi lenye maandishi ya 555 au jina jingine lolote zuri si ushahidi wa kilichomo ndani. Ushahidi ni duka unaloweza kurudi na risiti.

Zinabaki bushi za D, na hizi ndizo husahaulika karibu kila mara. Sababu ni mahali zilipo. Kwenye gari hili zimejificha juu ya krosmemba, nyuma ya injini, na bolti za mabano yake hazifikiki kirahisi, kwa hiyo fundi anabadilisha vinavyoonekana kwanza. Gari likiwa juu ya shimo, shika fimbo karibu na bano, isukume juu na kuivuta chini. Tia tochi. Bushi nzima imeikumbatia fimbo pande zote. Iliyokwisha ina tundu lililokuwa refu kama yai, na utaona mwanga mwembamba kati ya raba na chuma. Kama fimbo yenyewe imeliwa pale inapopita kwenye bushi, imekuwa nyembamba na kung'aa, bushi mpya itagonga ndani ya muda mfupi. Pima unene wake kwa kalipa ya kupimia kabla ya kununua, kwa sababu Corolla moja na nyingine zinaweza kuwa na fimbo za unene tofauti, na bushi iliyo kubwa kwa milimita moja ni sawa na bushi mbovu. Zikifungwa, mkato wa raba urudi upande uleule ulikokuwa. Usikubali kupakiwa dizeli wala oili chafu "ili ziteleze". Mafuta hulainisha raba, huivimbisha, kisha huila. Maji ya sabuni yanatosha kwa kufungia, na grisi ya silikoni ndiyo inayofaa ikibidi kupaka kitu.

Sasa hiyo "ngo!" ya breki. Hapa nataka utofautishe mambo mawili yanayofanana sana kwa sikio. Kama ingegonga mara moja tu, kwenye breki ya kwanza baada ya kutoka rivasi, kisha breki zinazofuata kimya, ningekutuma moja kwa moja kwenye pedi. Pedi zina nafasi ndogo ndani ya mabano ya kalipa. Ukibadili mwelekeo zinahama upande mmoja na kugonga, halafu zinabaki pale mpaka ubadili mwelekeo tena. Wewe unaisikia kwenye foleni, kila unapoachia na kukanyaga, mbele na nyuma pia. Kitu kinakwenda mbele gari linapovuta na kurudi nyuma linaposhika breki, kila safari. Chini ya miguu ya abiria wa mbele, kwenye gari la usukani wa kulia, mshukiwa wa kwanza ni bushi ya nyuma ya mkono wa chini, ule mnaouita kontroli amu.

Mkono huo una umbo la L, na bushi mbili upande wa bodi. Ya mbele inazuia tairi lisiende ndani na nje. Ya nyuma, ile nene, ndiyo inayobeba nguvu ya breki, na ndiyo inayochanika. Raba ikiachana na chuma chake, breki inausukuma mkono nyuma mpaka chuma kikutane na chuma.

Kwanza lakini tenga injini. Simamisha gari mahali tambarare, vuta hendibreki, kanyaga breki kwa nguvu, hamisha gia D, R, D, R, ukisubiri sekunde mbili kila mara. Mtu mwingine asimame pembeni, asiwe mbele wala nyuma ya gari, boneti ikiwa wazi. Kama "ngo!" inatoka hapo hapo tairi zikiwa hazijasogea, na injini inaruka waziwazi, ni mauntini za injini. Kama ni kimya, endelea.

Kipimo cha pili: sehemu wazi, mwenzio asimame upande wa kushoto, mita mbili kutoka garini, ainame kidogo aangalie nafasi kati ya tairi na ukingo wa matigadi. Wewe sogeza gari mbele mita moja, breki. Rudi mita moja, breki. Tairi likihama kwenda mbele na nyuma ndani ya uwazi wake, bushi imekwenda. Arudie upande wa kulia. Kulinganisha kushoto na kulia ndiyo rula ya gereji isiyo na vipimo, na inafaa kwa karibu kila kitu kwenye barua hii.

Halafu mtaimbo, gari likiwa juu ya shimo. Uingize kati ya mkono na krosmemba karibu na bushi ya nyuma, usukume mkono mbele na nyuma huku mtu ameangaza tochi kwenye raba. Nyufa ndogondogo za juujuu kwenye raba ya gari la zaidi ya miaka 20 si ugonjwa. Unachotafuta ni mpasuko unaofunguka kama mdomo ukisukuma, au raba kubanduka kabisa kwenye duara la chuma. Kama fundi wako wa tatu alipitisha mtaimbo gari likiwa limening'inia upande mmoja, stabilaiza iliuvuta mkono huo juu na kuukaza, asingeweza kuona vizuri.

Ikithibitika, jiandae kwa kazi yenyewe. Kwenye NZE121 mkono wa kulia hutoka bila kelele nyingi. Wa kushoto uko upande wa giaboksi, na bolti ya mbele ikirudi nyuma inagonga giaboksi kabla haijatoka. Njia ya haki ni kuishikilia injini kwa juu, kulegeza krosmemba na kuiteremsha kiasi bolti ipite. Njia ya mkato ni kukata bolti kwa msumeno na kuirudisha mpya kinyume. Usikubali. Na kwa kuwa krosmemba inashuka hata hivyo, siku hiyohiyo ndiyo ya kubadilisha bushi za D, maana utakuwa umeshalipia nusu ya kazi yake. Kabla ya kulegeza, krosmemba ichorwe alama ilipokaa kwenye bodi, irudi palepale. Ikirudi imehama, usukani utakaa upande na alaimenti itakusumbua.

Kununua mkono mzima au kupiga bushi mpya kwa presi? Mkono wako ukiwa haujapinda wala kuliwa na kutu, bushi mpya ya ubora ni sawa kabisa, mradi ipigwe kwa presi, si kwa nyundo, na ielekee upande uliokuwepo, kwa sababu bushi ya nyuma ina mwelekeo wake. Mkono wa mtumba siupendi hapa. Raba inazeeka kwa miaka, siyo kwa kilomita tu, na utakuwa umenunua bushi yenye umri wa ile uliyoitoa. Bushi za kuchongwa kutoka kwenye raba ya tairi ndizo nisizozipenda kabisa: hazijashikamana na chuma, ni ngumu, na baada ya muda mfupi zinaanza kuzunguka kwenye tundu lake.

Hapa pana kosa moja linaloua bushi mpya kimyakimya. Bushi ya mbele ya mkono, ile ambayo bolti yake imelala, raba yake imeshikamana na bomba la ndani na duara la nje. Haizungukii mahali, inajisokota. Bolti ikikazwa gari likiwa juu ya jeki na mkono umening'inia, bomba linafungiwa kwenye pembe hiyo. Ukishusha gari, raba inabaki imesokotwa siku zote, hata gari likiwa limelala nyumbani, na baada ya miezi inachanika. Bolti zishikishwe tu, gari liwekwe tairi chini, litikiswe mara tatu nne likae kimo chake, ndipo zikazwe kwa nguvu. Mwambie fundi hivyo kabla hajaanza. Akisema haina tofauti, tafuta mwingine.

Ukiwa chini hapo, kagua boljointi. Kwenye gari hili imefungwa kwenye mkono kwa bolti moja na nati mbili, inatoka peke yake. Kwa mfumo huu wa shokapu boljointi haibebi uzito wa springi, kwa hiyo hapa tairi liinuliwe kutoka kwenye bodi mpaka lining'inie, mtu aweke mtaimbo chini ya tairi na kuliinua, mwingine aangalie kiungo. Kikiruka, kibadilishwe siku hiyohiyo. Vingine vingi kwenye barua hii vinakera tu, boljointi ikichomoka tairi linalala na gari halina usukani.

Ile spesa nayo isipite hivihivi. Fundi wa kwanza alifungua shokapu, akaongeza spesa, akafunga. Nati tatu za juu, namba 14, sasa zinabana vipande viwili au vitatu badala ya kimoja, na spesa ya plastiki inaweza kutulia baadaye ikaacha nati zimelegea. Zikague zote. Chini, shokapu imeungwa na nakoo (chuma kinachobeba tairi) kwa bolti mbili kubwa zinazotaka Nm 153, kama kilo 31 kwenye mpini wa nusu mita. Tafuta tena mng'ao wa chuma kuzunguka vichwa vya bolti. Kisha fungua boneti, weka kiganja juu ya mauntini ya kushoto, mtu aitikise pembe hiyo ya gari. Ukihisi kugonga kwenye kiganja, nati ya katikati au mauntini yenyewe inacheza. Na mtu azungushe usukani kutoka mwisho hadi mwisho, wewe ukiwa umegusa springi kwa nje tu, vidole visiingie kati ya koili: ikinasa kisha kuruka "pwang", beringi ya mauntini imekufa au ncha ya springi haikukaa kwenye kitako chake. Shokapu za mtumba zikifungwa na mauntini za zamani hali hiyo si ngeni.

Kimo nacho kina bei yake. Spesa inaushusha mkono, linki na sivijointi mpaka kwenye pembe ambazo havikutengenezewa, na linki inayofanya kazi karibu na mwisho wa kikombe chake haidumu. Kama gari lilikuwa linakwangua kwa sababu springi zimechoka, dawa ni springi. Spesa nene ningeitoa. Nyembamba, isiyozidi sentimita mbili, kwa barabara za kwetu naielewa.

Sasa kama ulitoa linki na ko-ko ikabaki vilevile. Hapo rudi kwenye bolti za shokapu na spesa nilizozitaja, kisha tairodi. Nati yake yenye meno kama taji inataka Nm 49 na kotapini (pini ya kuizuia isifunguke), na tairodi mpya isiyo na kotapini ni ya kufungwa upya leo. Reki iwe ya mwisho. Kuipima, tairi zikiwa chini na injini imezimwa, mtu achezeshe usukani kidogo tu, kulia kushoto, kama anayetikisa mlango uliofungwa, wewe ukiwa umeshika tairodi, kisha mpira wa reki, vidole vikitafuta mahali panapogonga. Reki iliyokwisha kwa kawaida inaongea mikononi mwa dereva kwenye mashimo, na wewe umesema mikononi husikii kitu. Hilo ndilo lililonifanya nianze na kukuzuia.

Katika kazi zote hizi jeki ni ya kuinulia, siyo ya kulalia chini yake. Stendi mbili, au magogo mapana, na kabari nyuma ya tairi za nyuma, kabla mtu yeyote hajaingiza kichwa.

Nati za rimu zikazwe Nm 103, gari likiwa chini, kwa kuruka nyota, na zirudiwe baada ya kilomita 50 hivi. Alaimenti usiipeleke leo. Ipeleke baada ya mkono kufungwa, krosmemba kurudi kwenye alama zake na uamuzi wa spesa kufanyika, la sivyo utailipia mara mbili.